Kwa nini kompyuta yangu ilikaa kimya

Toleo la 24.04 la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, lilipotoka Aprili 2024, nilingoja siku nyingi kompyuta yangu yenye toleo la zamani, 22.04, inijulishe kuwa naweza kuhamia jipya. Kimya. Baadaye ndipo nikaelewa: anayetumia toleo la muda mrefu (LTS, linalotunzwa kwa miaka kadhaa) haarifiwi mpaka litoke sahihisho la kwanza, yaani 24.04.1, lililokuja mwishoni mwa Agosti, hitilafu nyingi za mwanzo zikiwa zimeshatibiwa. Naupenda sana utaratibu huo. Kompyuta ya kazi si mahali pa kujaribia.

Siku ya kupandisha toleo nilinakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje. Kazi ilienda salama, ila hazina za programu za pembeni, yaani zisizo za Ubuntu wenyewe, zilizimwa zote, nikaziwasha upya moja moja. Na jamani, chomekeni laptopu kwenye umeme kabla hamjaanza!