Sauti za baba kwenye diski inayokufa

Toka wiki iliyopita laptopu imekuwa nzito, nafungua faili moja nasubiri mpaka chai inapoa, halafu juzi usiku nikasikia tik... tik... tik kutoka kwenye hadi diski, nikaishiwa nguvu kabisa maana humo ndimo zilimo sauti za marehemu baba.

Nilimrekodi kwa simu jioni jioni akiwa barazani hapa Ujiji, anasimulia safari zake za meli ya Liemba ziwani Tanganyika mpaka Kasanga, bei za dagaa enzi zao, mambo ya ukoo, Kiswahili anachanganya na Kiha. Nikahamishia kwenye laptopu na kopi nyingine sikutengeneza. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Nilikuwa nimeshaandika chkdsk D: /r, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, bado kubonyeza enta tu, ndo nikampigia fundi mmoja wa kompyuta pale Mwanga. Akaniambia, "Kaka, iache hiyo. Kopi kwanza, kutengeneza baadaye."

Akanielewesha vizuri. Amri hiyo ukiiwekea /f inarekebisha mpangilio wa mafaili, lakini /r inapita diski nzima kusoma sekta moja moja, yaani vile vipande vidogo vidogo vya diski, na diski yangu ni ya GB 500, ni masaa na masaa, sasa diski inayokufa ukiitumikisha hivyo unaweza ukaimalizia. Halafu chkdsk kazi yake ni diski iendelee kutumika, faili lako likipotea kipande yenyewe haina habari. Sekta mbovu nazo ziko za aina mbili: kuna iliyoharibika maandishi tu, mfano umeme ulikatika katikati ya kuandika, hiyo ikiandikwa upya inapona, na kuna iliyoumia yenyewe, hiyo diski inaiacha na kutumia sekta ya akiba.

Nikaangalia kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, alama ya njano, yaani tahadhari. Sekta zinazosubiri kuamuliwa zimeandikwa 18, nikajipa moyo kwamba ni chache, kumbe pale inahesabu kwa heksadesimali, yaani kwa mafungu ya kumi na sita badala ya kumi, 18 yao ni 24 zetu.

Basi nikaazima eksitano, ile diski ya nje, kwa shemeji, nikawasha Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye fleshi, nikatumia ddrescue kunakili diski yote. Hii programu naipenda kwa moyo wote jamani, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, zile ngumu inazirudia mwishoni, na inaandika kwenye kifaili kidogo imefika wapi. Saa nane usiku umeme ukakatika, betri ya laptopu ilishakufa zamani, ikazima pale pale. Nilikaa gizani nimeishikilia ile eksitano kama mtoto mchanga. Umeme uliporudi alfajiri nikairusha tena na ikaendelea pale pale ilipoishia, sikuamini.

Mpaka mchana ikawa imevuta karibu kila kitu, vimebaki vipande vidogo sana. Nikaweka kopi ya pili kwenye fleshi, ya tatu nikampa dada.

Jioni nikamuita mama, nikamfungulia ile ya safari ya Kasanga. Akasikiliza ameshika tama. Kwenye dakika ya saba sauti inakatika kidogo, ndo pale diski ilipogoma kusoma, halafu baba anaendelea.

Mama akasema, "Hapo alikuwa anakunywa maji."

Sikumrekebisha.