Kidonda cha Baba Kisichovimba

Panga lilimponyoka baba akipogoa michungwa shambani kwetu Muheza, likamchana kwenye muundi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Niliporudi likizo, wiki kadhaa zilikuwa zimepita, na kidonda kilikuwa wazi vilevile.

Majirani walimpongeza. "Damu yako safi, mzee. Mguu haujavimba hata kidogo." Baba alifurahi. Niliweka mgongo wa kiganja kando ya jeraha: hapakuwa na joto. Wekundu hapakuwa, wala usaha. Nyama imepauka tu, kingo zimelala. Ukimya ule ulinitia hofu.

Jeraha changa hupaswa kuvimba. Damu ikishaganda, mishipa midogo hutanuka na kuvujisha maji, na ndani ya saa chache seli nyeupe ziitwazo neutrofili humiminika kuua bakteria. Nyingi hufa papo hapo. Kufikia siku ya pili au ya tatu seli nyingine nyeupe, makrofeji, zimeshaingia kwa wingi. Hizi ndizo zilizoniteka tangu darasani: humeza neutrofili zilizokufa na mabaki ya nyama, kisha hugeuka tabia. Zilizokuwa zikichochea uvimbe huanza kuutuliza, na kuziita seli zinazosuka nyuzi za kolajeni, zinazoshikilia ngozi, na kuotesha mishipa mipya ya damu. Mwaka 1975 watafiti Leibovich na Ross waliwapunguzia simbilisi makrofeji kwa haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na seramu maalumu ya kupambana na seli hizo. Uchafu ukabaki jerahani na ujenzi ukachelewa.

Haidrokotisoni. Nilipoikumbuka, nikauliza, "Baba, kuna dawa yoyote unayomeza?"

Mama akaleta mfuko wa vidonge vya prednisolone, dawa ya jamii ileile. Baba alikuwa akivinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, akimeza kila asubuhi kwa miezi. "Vinanisaidia kweli, mwanangu," alisema, na hakuwa akidanganya. Kilichonyamazisha magoti ndicho kilichozizuia seli zake zisifike muundini. Hakuna aliyemwambia. Bado naona uchungu nikikumbuka kwamba dawa nzito namna ile aliuziwa kama peremende.

Mama alitaka kuvitupa chooni usiku uleule. Nilimsihi asifanye hivyo. Mwili uliozoea dawa hii kwa muda mrefu huacha kutengeneza kiasi cha kutosha cha kotisoli, homoni yake ya asili inayofanana na dawa hii, na ukikatiziwa ghafla, mgonjwa anaweza kuanguka, hata kufa.

Asubuhi tukaenda hospitali, vidonge mkononi. Daktari alimpima sukari, kwa sababu prednisolone huipandisha, akampangia kupunguza dozi polepole. Kidonda kikasafishwa kwa maji ya chumvi na kufungwa upya. Sista wa chumba cha vidonda alimwambia, "Mzee wangu, hiki kimelala. Tunataka kiamke."

Kiliamka. Asubuhi moja, dozi ikiwa imeshashuka sana, baba aliniita kwa sauti ya woga: kingo zimekuwa nyekundu, panauma. "Kimeharibika!" Nilikichunguza kwa makini, maana maambukizi nayo huanza kwa wekundu na maumivu. Lakini wekundu haukuwa ukisambaa, harufu hakuna, homa hakuna. Nilitamani kupiga vigelegele. Baada ya hapo zilichomoza chembe za nyama nyekundu, laini, zinazotoa damu ukizigusa tu, na ngozi ikaanza kutambaa juu yake kutoka pembeni. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyotaka, na mama ndiye aliyekuwa akimpeleka kufungwa kidonda nilipokuwa nimerudi chuoni.

Magoti yalirudi kuuma, tena sana. Alipigwa picha ya eksirei, akafundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, akapewa fimbo ambayo aliikataa mwezi mzima. Kazi ya kupogoa michungwa sasa anaifanya mdogo wangu, na baba hukaa kwenye kigoda chini ya mti akimwelekeza tawi la kukata.