Ametulia

Ijumaa iliyopita ilikuwa arobaini ya mtoto wa mpwa wangu. Shangazi akaja na sindano yake, uzi mweusi na kikombe cha mafuta ya nazi. Mtoto wa kike, masikio hayawezi kubaki vile. Mpwa wangu akasita, akamkumbatia mwanawe. Shangazi akacheka.

"Mtoboe sasa hivi mwanangu, angali mchanga. Hasikii uchungu huyo. Akikua ndipo atakapokusumbua."

Macho yote yakanigeukia mimi, nesi wa ukoo. Nikajifanya natafuta kipepeo cha kujipepea. Ningesema nini, na mimi niliwahi kuandika maneno yayo hayo kwenye faili, kwa kalamu ya bluu, nikatia na sahihi? Tulijaza kwa Kiingereza, lakini kwa lugha yetu ni neno moja tu: ametulia.

Ilikuwa 2013, hapa hapa Malindi, mwezi wangu wa tatu wodi ya vichanga. Zamu ya usiku, wauguzi wawili kwa watoto kumi na moja. Kwenye inkubeta ya pembeni alikuwako mvulana aliyezaliwa kwa mimba ya wiki 29, gramu 1,100, mama yake mtu wa Marafa, amepasuliwa na bado hajaweza kuteremka kitandani. Mtoto alikuwa na mirija puani ya ile mashine ya kusaidia kupumua inayotoa mapovu kwenye chupa, na jioni yake alikuwa amepewa fenobabito kwa sababu ya degedege. Dripu ikatoka. Nikachukua branula, sindano ya kuwekea dripu, ile ndogo ya manjano, nikajaribu mkono wa kulia, wa kushoto, kisha mguu, kisha mguu wa pili. Mara nne. Mishipa yenyewe kama uzi wa buibui.

Hakulia. Nikamshukuru moyoni, maana wa inkubeta ya pili alikuwa akipiga kelele tangu magharibi. Nikamfunika, nikaenda kujaza karatasi.

Sista mkubwa wa zamu akaja nyuma yangu. Tulikuwa na karatasi ya N-PASS, ya kupimia uchungu na usingizi wa dawa kwa vichanga, kopi ya kopi, herufi zimefifia: kilio, hali ya mtoto, uso, mikono na miguu, mapigo na pumzi. Mambo matano. Kila jambo lina alama zinazopanda kwa maumivu hadi 2, na zinazoshuka chini ya sufuri kwa usingizi wa dawa.

"Uchungu umempa ngapi?"

"Sufuri, Sista."

"Kwa nini?"

"Halii."

Akanishika kiwiko, akanirudisha kwa mtoto. Akawasha tochi, akaikinga kwa kiganja ili mwanga usimpige machoni. "Usisikilize," akasema. "Tazama."

Nikatazama. Kipaji kilikuwa kimekunjana katikati ya nyusi, kama mzee anayesoma barua bila miwani. Macho yamefumbwa kwa nguvu. Kutoka ubavuni mwa pua hadi pembe ya mdomo, mfereji mmoja mrefu ambao sikuwa nimejua uso mdogo vile unaweza kuufanya. Mdomo wazi, umepanuka, ulimi umekakamaa. Vidole vya mkono vimetanuka vyote vitano, kila kimoja kivyake. Na sauti hakuna. Mapovu tu, bulu bulu bulu, na monita: moyo 178, oksijeni 84.

Alikuwa analia. Alikuwa analia muda wote ule nilipokuwa nikimdunga, ila hakuwa na nguvu ya kuitoa sauti.

Kisha, tukiwa tumesimama vile vile, vyote vikaondoka. Nyusi zikanyooka, mdomo ukalegea, mkono ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Nikapumua. "Ametulia sasa," nikasema.

"Hapo ndipo pa kuogopa," akajibu. "Amelala kwa dawa, au amechoka kulalamika, au maambukizi yanaanza. Yote matatu uso wake ni huu huu. Wewe umemjuaje kuwa ametulia?"

Sikuwa na jibu. Akatia mikono ndani ya inkubeta, kiganja kimoja kikafunika kichwa, cha pili kikakusanya miguu tumboni, kama alivyokuwa angali mimba. Hakumsugua wala hakumpigapiga. Akaniachia mahali pake. Akateremka kwa mama mwenyewe, akarudi na maziwa kidogo kwenye bomba la sindano, akamtia tone ulimini, kisha la pili. Mgongo ukaniuma. Nilikaa vile hadi msikiti wa Shela (yetu, si ile ya Lamu) ukaadhini alfajiri, au ndivyo ninavyokumbuka. Pengine ilikuwa nusu saa. Ninachokumbuka kwa hakika ni kidole changu kidogo kilichokuwa juu ya kipaji, na ngozi ikilainika chini yake. Oksijeni 92.

Branula aliitia daktari asubuhi, kichwani, mara moja tu. Antibayotiki zikafuata, kisha wiki za kubebwa kifuani na mamake. Akaondoka na gramu 1,900. Alikuja kliniki mara mbili, kisha sikumwona tena.

Shangazi hayuko peke yake, nimtetee kidogo. Huko Ulaya na Marekani, hadi miaka ya 1980, wako vichanga waliopasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na ganzi ndogo mno, kwa imani hiyo hiyo na digrii juu yake. Mwaka 1987 ndipo daktari mtafiti Anand na wenzake walipoonyesha kwa vipimo vya damu kuwa mwili wa mtoto njiti unaungua kwa uchungu wa kisu. Lakini mimi nilizaliwa kabla ya hapo, nikasoma baada yake, nikaipata ile karatasi mkononi, na bado nikaandika sufuri. Faili za miezi miwili ya kwanza sikuzirudia kuzifungua.

Basi Ijumaa nikasema neno moja tu: anyonyeshwe kwanza, atobolewe akiwa kwenye titi. Shangazi akaguna kuwa hayo ni mambo ya hospitali, ila akangoja. Sikio la kwanza mtoto aliliachia ziwa akapiga ukelele uliowatoa majirani vibarazani. La pili aliguta kidogo tu.

"Umeona?" shangazi akasema, akifunga uzi. "Ameshanyamaza. Hata hakumbuki."

Nikainama kumtazama kipaji. Kilikuwa laini. Nadhani kilikuwa laini. Taa ya ukumbini kwa mpwa wangu ni hafifu.