Beseni la mama mwalimu

Jumapili mvua ya Tukuyu ilitufungia kanisani, si mnaijua ikishaamua. Mzee wa kanisa akafungua kasha la bati, akatoa daftari la usharika. Jalada limeliwa na mende, ila majina ya waliobatizwa bado yanasomeka.

Huku Rungwe ukisema wewe ni Mmennonite, muumini wa kanisa la Kiprotestanti kama sisi, mtu anakuuliza, "Ndiyo Moravian hiyo?" Simlaumu. Wamoravian wapo hapa tangu 1891, sisi chimbuko letu ni Shirati, Mara, mwaka 1934. Kwetu kanisa lililetwa na mwalimu aliyehamishwa kutoka huko. Walianza watu saba, sebuleni kwake.

Tulichokaa nacho sana ni beseni. Mwalimu alisisitiza kutawadhana miguu baada ya Meza ya Bwana, na chombo hakuna, akachukua beseni la mkewe la kufulia. Mama alinuna wiki nzima! Tunalo mpaka leo, rangi imebanduka ukingoni, tundu limezibwa kwa lami.

Bibi yangu alikuwemo siku ile. Anachokumbuka yeye ni kimoja tu: "Maji yalikuwa baridi, mwanangu, na hakuna aliyefikiria kuyapasha."