Dede kwenye udongo wa Minnesota

Mama yangu alitua Minneapolis mwanzoni mwa Machi 2018. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia asiogope baridi, mwezi wa tatu ndiyo machipuko yanaanza, atakuta majani. Kalenda ndivyo ilivyosema. Yeye alikuwa ameacha Muheza, kwetu Tanga, wanasubiri mvua za kwanza za masika, shamba limeshatifuliwa, mbegu za mahindi zimehifadhiwa kwenye debe na majivu. Mkulima kuondoka wakati huo si jambo dogo, na mpaka leo namshukuru. Nilikuwa nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, baba watoto anaendesha lori, anaweza kukaa siku tano njiani, na dada aliyekuwa akitushikia watoto alikuwa amehamia jimbo jingine.

Watoto ni wawili. Wa kike alikuwa na miaka mitano, yuko chekechea. Wa kiume alikuwa na miezi tisa. Palepale uwanja wa ndege Mama akawagawia vyeo. Wa kike akawa mke mwenzake, wa kiume akawa mumewe. "Shikamoo bibi," binti alisema jinsi tulivyomfundisha ndani ya gari. "Marahaba mke mwenzangu," Mama akajibu, "nimekuja, nyumba tutagawana."

Tulikuwa tunaishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, ghorofa ya pili, sakafu nzima imefunikwa zulia. Kwenye zulia hilo ndipo mumewe Mama alipojifunza kugeuka, kukaa na kutambaa. Wiki za kwanza Mama hakusema kitu. Aprili ilipoingia akaanza kumkazia macho. Mtoto alikuwa akishika ukingo wa kochi anasimama vizuri, anahesabu hatua akilizunguka, lakini ukimtoa mkono tu anakaa. Mama alimwekea mikono pembeni bila kumgusa, akamwimbia: "Dede! Simama dede! Dede!" Mtoto anacheka, magoti yanakunjika, kitako chini.

"Huyu hajakanyaga ardhi," Mama alisema siku moja, kwa sauti ya mtu aliyegundua ugonjwa.

Nilitaka kubisha, kisha nikapiga hesabu. Alizaliwa mwishoni mwa Mei. Majira ya joto yote alikuwa wa kubebwa, na alipoanza kukaa tayari ilikuwa Novemba. Tangu hapo kila akitoka nje anakuwa kafungwa kama kifurushi, kutoka mlangoni hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Kweli kabisa, mwanangu hakuwahi kugusa udongo. Mimi nilichimbiwa kishimo mchangani nyuma ya jiko nikasimamishwa humo, miguu ikapata nguvu. Hadithi hiyo Mama ameirudia maisha yangu yote. Nilimwambia avumilie, theluji inayeyuka, wiki mbili tu.

Ijumaa ya Aprili 13 ndiyo iliyokuja kunivua nguo. Nilikwenda kazini mvua inageuka barafu, Jumamosi asubuhi barabara hazipitiki na wenzangu wa zamu ya mchana hawakufika. Nililala palepale kwenye kiti na kuendelea na zamu. Mpaka Jumapili zilianguka karibu sentimita 40, na Aprili ile iliingia kwenye kumbukumbu kuwa ndiyo yenye theluji nyingi kuliko Aprili zote zilizowahi kupimwa mjini pale. Mama alinipigia akiwa amesimama dirishani, mume mgongoni, mke mwenza miguuni. "Mwanangu, ni kama mtu kapasua mito yote ya sufi duniani," alisema. Hakulalamika. Alichouliza ni kama nimekula. Siku hizohizo ndugu zetu wa Dar es Salaam walikuwa wanatutumia picha za mafuriko, mitaa imekuwa mito. Mama alikuwa anapiga simu Muheza kila jioni ya kule kuuliza mahindi yamefika wapi, na tangu huku tulipozisogeza saa mbele mwezi wa tatu, tofauti ilikuwa saa nane badala ya tisa, jambo lililomsumbua kuliko theluji. Aliniuliza mara tatu ni nani aliyeruhusiwa kulisogeza jua.

Haragwe lilikuja katikati ya mambo hayo. Chekechea waliwapa watoto kila mmoja punje tatu ndani ya kikombe cha plastiki chenye udongo, wakaangalie zinavyoota. Binti alikiweka dirishani, akakisahau siku ya pili. Mama hakukisahau. Nikirudi kazini alfajiri nilimkuta ameshasali, amevuta kiti, anakigeuza kikombe ili miche isiinamie upande mmoja. Alikichoma matundu chini kwa sindano ya moto. Alikimwagia maji kwa kijiko cha chai, kidogokidogo, akiugusa udongo kila mara. Nilisimama mlangoni siku moja bila yeye kujua, nikamwona mwanamke mwenye ekari tatu nyumbani akilima kikombe, na sikujua niingie au nirudi nje.

Jumapili ya Aprili 29 tuliamka jua limejaa sebuleni. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vichuguu tu pembeni ya maegesho, myeusi kwa vumbi. Baba watoto alikuwa nyumbani. Binti alivaa gambuti kwa ajili ya madimbwi, akashuka ngazi akikokota baiskeli yake ambayo tulikuwa tumeinunua Krismasi, ikakaa miezi minne kwenye korido. Nje palikuwa na watu ambao hatukuwahi kujua ni majirani: Walaiberia wa chini wametoa viti, vijana wanaosha magari, mzee mmoja Mmarekani anafyeka mabua makavu kwenye bustani ya pamoja nyuma ya jengo. Majani yalikuwa bado rangi ya mkeka mkuukuu, ila ukiinama unaona kijani chini yake.

Mama alikwenda moja kwa moja bustanini. Alivua glavu, akazamisha vidole kwenye udongo hadi kwenye kiganja, akatulia. Ndivyo anavyofanya Muheza mvua ikinyesha mara ya kwanza, kupima imezama kiasi gani kabla ya kutia mbegu. Yule mzee aliacha kufyeka akamtazama.

"Bado," Mama alisema. "Unauma."

Mzee aliniuliza amesema nini, nikamtafsiria. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaeleza kwamba wao husubiri mpaka katikati ya Mei, maana jalidi ya usiku mmoja inaua mche wote. Nilipomgeuzia Mama maneno hayo alijibu tu, "Si ndivyo nilivyosema?"

Kisha akaniambia nimpe mumewe.

Alikaa kwenye nyasi kavu kwa kanga mbili, moja ya kukalia na moja mabegani, akamvua mtoto viatu, akamvua soksi mbilimbili. Miguu ilikuwa milaini, meupe nyayoni, nyayo ambazo hazijafanya kazi yoyote. Akamshika makwapani, akamshusha. Vidole vilipogusa nyasi mtoto alikunja magoti yote mawili juu, akabaki ananing'inia. Mama akamwinua, akamshusha tena. Mara hii alilia. Baba yake akapiga hatua kuja kumchukua, Mama akamzuia kwa macho. Hakumlazimisha. Alimpakata, akachukua udongo kidogo uliokuwa na unyevu, akampaka kwenye nyayo taratibu, kama anavyompaka mafuta ya nazi baada ya kumwogesha, huku akiongea naye kwa Kibondei ambacho mimi mwenyewe nimekisahau nusu. Mtoto alinyamaza. Aliutazama mguu wake. Akautia mkono, akautia mdomoni, akasaga udongo kwa meno mawili ya chini na uso wa mshangao mkubwa.

Aliposhushwa mara ya tatu alikubali. Vidole vikakunjika kushika nyasi, kimoja baada ya kingine, kama vile ni mikono. "Dede," Mama akanong'ona, bila kuimba sasa. Alisimama akiwa ameshika kidole kimoja tu cha bibi yake. Sikupiga picha. Simu ilikuwa mfukoni na sikuikumbuka.

Binti upande wa pili alikuwa anapiga kelele kwamba baba yake asimwachie baiskeli, na baba yake alikuwa ameshamwachia zamani.

Wiki iliyofuata mambo yalikwenda mbio. Vyura walianza kulia usiku, miti ikatoa vitumba vyekundu, na kando ya uzio yakachomoza maua ya njano yale ambayo Wamarekani wanayapiga dawa. Mama aliyachuma jani moja akalitafuna. "Huu si mchunga? Au ndugu yake." Kwetu Tanga mchunga ni mboga ya heshima, uchungu wake ndio utamu wake. Nilimuuliza kwanza mtunza jengo kama amenyunyiza kitu upande ule. Alipokana, tukachuma bakuli zima. Mama aliyachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akayaunga na kitunguu na tui la kopo. Tulikula na ugali. Binti aliutema. Mimi nilikula mpaka nikafuta sahani, na nililia kidogo, nikasingizia kitunguu.

Mama aliondoka Jumamosi ya Mei 12. Alitaka Ramadhani imkute nyumbani. Aliposikia kwamba huku mtu anafunga tangu karibu saa kumi usiku hadi karibu saa tatu usiku wa pili, alisema Mungu atatusaidia ila yeye anarudi. Kikombe cha haragwe alimkabidhi mke mwenzake, siyo mimi. Alimwonyesha namna ya kuzamisha vidole na kuhesabu mpaka kumi. "Udongo ukikuuma, subiri. Usipokuuma, panda."

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi kwetu, saa kumi na mbili jioni kwao, wanasubiri kufuturu, tulimpigia tukiwa bustanini. Binti alizamisha mkono, akahesabu kwa Kiswahili bila kuruka sita ambayo huwa anairuka.

"Bibi, hauumi."

"Haya panda mke mwenzangu. Na umwangalie mume wetu asiing'oe."

Alipanda miche mitatu, umbali wa shubiri yake.

Mei 28 joto lilifika nyuzi 38. Wiki sita na ushee tangu ile theluji. Nilikuwa nimeweka beseni la maji kivulini nyuma ya jengo, watoto wanacheza, nami nimegeuka kufungua mpira wa maji. Binti akaita, "Mama! Mama, ameng'oa!"

Niligeuka. Mtoto, mwaka mmoja na siku kadhaa, peku, matope mpaka magotini, alikuwa amesimama katikati ya tuta. Hakushika kochi, hakushika kidole cha mtu. Alichoshika ni mche wa haragwe, na mizizi yake yote.