Maswali tisa, Mathare

Wiki ya sita ya mafunzo ya nyanjani. Chuoni tulifundishwa PHQ-9: maswali tisa ya kupima sonona, yote kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Nikadhani nimeiva.

Juzi, karibu na Mto Mathare, Nairobi, nikamuuliza mama mmoja muuza mandazi kama anapata usingizi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.) Akacheka hadi mwiko ukamponyoka. "Mwanangu, mvua ikinyesha nani analala huku?" Tangu mafuriko ya 2024, akisikia tu matone kwenye mabati anaamka, anakaa mlangoni na viatu mkononi. Fomu haina kisanduku cha hilo. Nikaiweka kando, nikanawa mikono, nikamsaidia kukata unga. Hapo ndipo maneno yakamtoka: kuna jirani hawajasalimiana tangu vurugu za baada ya uchaguzi, 2008. Usiku wa mafuriko, jirani huyohuyo ndiye aliyembebea mjukuu mgongoni.

Msimamizi wangu amerudisha ripoti: "Alama ziko wapi?" Haki yake, nitazijaza. Ila kesho saa kumi na moja alfajiri niko kwa mama. Anasema jirani siku hizi hupitia mandazi ya chai, bado hawaongei sana.