Jioni gatini Mkoani, kabla sahibu yangu hajaenda dago

Kwetu Pemba ukitaka mtu akwambie jambo lililomkaa moyoni usimkalishe kitako ukamwambia haya tuzungumze, atakujibu salama alhamdulillah na yatakwisha hapo hapo. Mchukue mkavue mshipi, ule uzi wa kuvulia wenye ndoana. Nimeliona tena juzi nilipokwenda nyumbani Mkoani kwa harusi ya binamu yangu, nikapata jioni moja na sahibu yangu ambae tumekua pamoja na kusoma chuoni (madrasa) pamoja, halafu mie nikaja Unguja kutafuta maisha na yeye akabaki na bahari. Kwenye simu huwa tunaongea sana tu lakini ni stori za mpira na nani kaoa na karafuu mwaka huu vipi, basi.

Tulifika gatini baada ya alasiri. Meli hamna siku ile, vijana wanajirusha majini na watoto wamekaa ukingoni na mishipi yao waliyoizungushia kwenye chupa za maji. Kisiwa cha Makoongwe kipo mbele yetu, bahari imelala kweli kweli maana upepo wa kusi ushakata na ule wa kaskazi bado haujaingia. Yeye kaja na ngisi mmoja na vibua vya jana kwenye mfuko wa plastiki, kisu, na mishipi miwili, mmoja wangu.

Nikamuuliza kwa nini tusingengoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, akasema bamvua nzuri kwa kwenda kuokota pweza, sio kwa hapa, maana bamvua maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi na mkondo chini ya gati unakuwa mkali, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) haikai, mshipi unalala ubavu unakwenda kujifunga kwenye nguzo na ndoana unaiacha huko huko. Siku ile maji yalikuwa mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Mwezi nusu, jua linazama na wenyewe umesimama utosini, maji yameanza kuja juu alasiri na yangejaa kama saa nne usiku, taratibu, kwa hivyo mshipi unasimama wima na kila kinachougusa huko chini unakisikia.

Unakisikia wapi? Kidoleni. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kina mfereji, ngozi imekuwa ngumu na katikati pameingia ndani pale mshipi unapopita miaka yote hii, anaulaza pale halafu anatulia kabisa, hata akiwa anaongea kile kidole kipo kazini. Akanishika mkono akauweka mshipi wangu sawa, akasema hiyo tik tik tik ni kikande, ana mdomo mdogo na meno makali, anakula chambo pembeni pembeni na ndoana haigusi, usimvute utampa faida. Ngoja inayovuta mara moja, nzito. Na kweli ikaja, nikapandisha changu wa kiganja hivi, alhamdulillah. Yeye akapata changu na tasi. Huyo tasi hakumshika kwa mkono, alimkanyaga kwa kandambili akamkata miiba kwanza, maana mwiba wa tasi ukikuchoma mkono utauma usiku kucha.

Kuna mtoto pembeni yetu akapandisha bunju, samaki huyo akaanza kuvimba pale chini na wenzake wanacheka wanamsukuma kwa vijiti. Sahibu yangu akauacha mshipi wake unaning'inia akaenda. "Mwanangu huyu haliwi, usimpeleke nyumbani, hata mama akimchemsha kutwa nzima sumu yake haitoki." Mtoto akasema haya ami. Akangoja mpaka akaona karudishwa majini ndio akaja kukaa. Hakusema kitu juu ya hilo, ila mie nilikaa namtazama nikasema huyu mtu Mungu amhifadhi.

Magharibi tukafunga mishipi kwenye chuma tukasali pale pale. Kiza kikaingia, wale watoto wakaenda zao, na hapo ndio akaanza, bila kunitazama, macho yapo majini. Kaskazi ikiingia anakwenda tena dago, upande wa Kenya kule Shimoni, na chombo ni kile kile cha mwaka jana. Kwa msiokuwa wa pwani, dago ni kambi ya wavuvi, mnahama na vyombo vyenu mnajenga vibanda vya makuti ufukweni mnavua miezi, samaki wengine mnauza wabichi na wengine mnawatia chumvi wanakuwa ng'onda. Wapemba wanakwenda dago tokea wazee wetu. Pesa yake ndio inayosomesha watoto na kuezeka nyumba, kwa hivyo simlaumu mtu anaekwenda na sitaki kusikia mtu wa ofisini kama mie anamwambia mvuvi aache.

Sasa mwaka jana wakati wa kurudi, usiku, katikati ya mkondo huo baina yetu na bara, mashine ikazima. Mkondo ule upana wake ni kilomita 50 hivi na chini hapana nanga itakayofika. Tochi ya simu imekwisha chaji, meli kubwa zinapita kwa mbali na haziwaoni, na laifu jaketi zilikuwa mbili, watu kumi. Nikamuuliza nani walivaa. Akakaa kimya kidogo akasema walipewa vijana wawili waliokuwa safari yao ya kwanza, wengine wakajifunga madumu matupu ya mafuta kiunoni. Mpaka asubuhi mashine ikakubali.

"Yakhe mie niliogopa," akasema. Huyu mtu simjui kusema neno hilo. Tukawa tumekumbuka wote wawili Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikija huku kwetu, siku zile mitaa mizima ya Pemba ilikuwa matangani na sisi vijana tunazunguka nyumba kwa nyumba kutoa pole, na hatukuwa tumelizungumza tena tokea wakati ule, wallahi hata siku moja.

Katikati ya hayo mshipi wake ukavutwa nusura umponyoke, chewa, na chewa akishika mbio zake ni kuingia pangoni, hapo gatini pango lake ni baina ya mawe na nguzo, akiwahi kuingia ndio basi. Akasimama akamvuta mikono miwili bila kumpa hata pima moja, anakwenda kinyumenyume, mimi namulika tochi. Alimtoa. Kilo mbili na kitu, ana madoa ya kahawia, na sote tukapiga kelele kama watoto.

(Nimemuomba ruhusa kuandika haya. Kasema andika ila jina langu liache.)

Nimerudi Unguja na siku ya pili nikapita maduka ya vifaa vya uvuvi nikauliza laifu jaketi, zipo za sponji nyepesi ambazo ukizibana kwa vidole unaona hazina kitu, na zipo nzuri, nene, zina mikanda ya kufungia miguuni, filimbi na vipande vinavyong'aa ukivimulika, bei yake si ndogo. Nikampigia nikamwambia nakununulia moja nzuri naileta kwa boti. Akacheka, akasema ahsante sahibu yangu, lakini nikivaa mie peke yangu nitawatazama vipi wenzangu?

Basi zinatakiwa kumi, au nane na zile mbili zao kama bado zinafaa. Nimeshaongea na kaka yangu na jamaa wengine watatu tuliosoma nao chuoni, kila mtu kasema atatoa chake mwisho wa mwezi, na kaskazi haitovuma sawasawa mpaka Disemba huko, kwa hivyo muda upo.